SSB garini: dhana potofu kuhusu redio za CB na redio za mita 10

Anayetafuta redio ya kufunga garini kwa mazungumzo ya SSB, yaani kutuma sauti kwa upande mmoja tu wa ishara, hupewa ushauri mwingi kuhusu wati, na mchache mno kuhusu uthabiti wa masafa, leseni na antena, ilhali hayo matatu ndiyo yanayoamua kama ataelewana na wenzake. Redio ya CB, yaani redio ya mawasiliano ya karibu kwa watu wa kawaida, ina chaneli 40 kati ya megahezi 26.965 na 27.405. Redio ya mita 10, inayoitwa hivyo kwa urefu wa wimbi lake, hutumia bendi ya redio za ridhaa, yaani za wapenzi wa redio wenye leseni, kuanzia megahezi 28.0 hadi 29.7. Masafa hayo yamekaribiana kiasi kwamba wengi huzichukulia redio hizi kuwa kitu kimoja chenye majina mawili.

Dhana: Redio ya mita 10 husikika mbali zaidi kwa sababu ina wati nyingi.

Kanuni za Marekani huiruhusu CB kutoa wati 4 za wimbi bebezi (wimbi la msingi ambalo sauti hupandishwa juu yake) katika AM, yaani utumaji wenye wimbi hilo na pande zote mbili za ishara, na wati 12 za kilele katika SSB. Redio za mita 10 za garini mara nyingi huzidi hapo, na zile kubwa za bendi nyingi hufikia wati 100. Hata hivyo, kwenye kipimo cha S cha redio inayopokea, kinachoonyesha nguvu ya ishara, kila hatua ni desibeli 6, yaani nguvu iliyoongezeka mara nne. Kutoka wati 12 hadi 48 ni hatua moja tu, na kutoka wati 12 hadi 100 ni kama hatua moja na nusu. Siidharau hatua hiyo, kwa kuwa ishara inayokaribia kuzama katika kelele huweza kuokolewa nayo, lakini antena fupi iliyofungwa mahali pabaya huweza kuipoteza yote na zaidi. Aidha, redio ya wati 100 huvuta takriban ampea 20, hivyo ni lazima ipate waya nene kutoka kwenye betri yenyewe, wenye fyuzi, wala si tundu la kuwashia sigara.

Faida iliyo kubwa kuliko hiyo hupatikana ndani ya CB yenyewe, mtu anapohama kutoka AM kwenda SSB. Katika AM ya wati 4 iliyojazwa sauti kikamilifu, wimbi bebezi ambalo halibebi neno lolote hubaki na wati 4, na kila upande wa ishara hupata wati 1 tu. SSB hulizima wimbi bebezi pamoja na upande mmoja, kisha nguvu yote huenda kwenye upande uliobaki, ambao huchukua takriban nusu ya nafasi iliyokuwa ikitumiwa na AM.

Dhana: Sauti ikisikika nyembamba au nzito kupita kiasi, redio ni mbovu.

Hapa ndipo tofauti ya kweli kati ya redio hizi ilipo, na inasikitisha kwamba huzungumzwa mara chache. Kwa kuwa wimbi bebezi halitumwi, redio inayopokea hulazimika kulitengeneza lake yenyewe, na likikosea hata kwa hezi mia moja, sauti ya binadamu hubadilika. Katika upande wa juu, USB, mpokeaji aliyesimama chini ya masafa ya mtumaji husikia sauti nyembamba ya kukwaruza, na aliyesimama juu yake husikia mngurumo mzito. Katika upande wa chini, LSB, mambo huwa kinyume chake. Aliyechagua upande usio sahihi kabisa hatambui neno hata moja, na kosa hilo huwapata wageni wengi, kwa maana wanaotumia SSB katika CB huzoea LSB, hasa kwenye chaneli ya 38, ilhali kwenye mita 10 desturi ni USB.

Sasa, kanuni za Marekani hutaka masafa ya CB yasipotoke zaidi ya sehemu 50 kwa milioni. Kwenye megahezi 27 hizo ni takriban hezi 1,350, kiasi kinachotosha kabisa kuharibu mazungumzo ya SSB bila redio yoyote kuvunja kanuni. Ndiyo sababu redio za CB za SSB, kama Cobra 148 GTL, huwa na kitufe cha klarifaya. Katika redio iliyo halali, kitufe hicho hurekebisha upokeaji peke yake. Wakizungumza watu watatu ambao kila mmoja amepotoka kivyake, mkono hautulii kwenye kitufe, na gari lililoachwa juani likianza kupoa, masafa husogea tena. Redio nzuri ya ridhaa yenye kidhibiti cha masafa kinachofidia joto hupotoka kwa kiasi kidogo zaidi, na mtumiaji huzungusha kitufe kikuu mpaka afike hasa pale wenzake walipo, badala ya kuruka kutoka chaneli hadi chaneli. Hata hivyo, si kila redio inayouzwa kama ya mita 10 ina kidhibiti hicho, na kuuliza jambo hilo kabla ya kununua kuna manufaa kuliko kuuliza wati.

Dhana: Redio ya mita 10 ni CB iliyoongezewa chaneli, ukiifungua (ukiiondolea kizuizi cha masafa) inafanya kazi zote mbili.

Kisheria si kweli. Nchini Marekani, CB haihitaji leseni ya mtu binafsi, lakini redio yenyewe lazima iwe imeidhinishwa na tume ya mawasiliano, FCC, kwa kazi hiyo. Redio ya mita 10 iliyofunguliwa haina idhini hiyo, hata mwenye nayo awe na leseni ya ridhaa. Kutuma kwenye mita 10 nako kunahitaji leseni. Ngazi ya kwanza, Technician, huruhusu sauti ya SSB kati ya megahezi 28.3 na 28.5 kwa wati zisizozidi 200. Kwa hiyo swali la kwanza ni wenzako wako wapi: ikiwa hawana leseni, redio ya mita 10 haitakufikisha kwao kihalali.

Dhana: Mita 10 daima hufika ng'ambo.

Hufika pale jua linapokuwa na madoa mengi, na jua likitulia bendi huweza kuwa kimya siku nzima. CB hufuata hali hiyohiyo ya anga.

Dhana: Antena ya CB inafaa mita 10 bila kuguswa.

Kutoka chaneli ya 19 hadi megahezi 28.4 kuna zaidi ya megahezi 1.2, na fimbo ya mita 2.6 huhitaji kupunguzwa kama sentimita 11. Antena fupi zenye koili hukubali upana mdogo zaidi wa masafa, hivyo huadhibu kosa hilo kwa ukali zaidi. Pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kutumwa) mwanzoni na mwishoni mwa sehemu unayokusudia kutumia: ikiwa juu zaidi upande wa masafa makubwa, antena ni ndefu, ikiwa juu zaidi upande wa masafa madogo, ni fupi. Kabla ya kukata chochote, hakikisha kwanza kwamba kishikio cha antena kimegusana na chuma kitupu cha bodi, kwa maana rangi iliyobaki chini yake hupotosha kipimo chote.