Yoti ya Mita 12 Haina Urefu wa Mita 12: Ufafanuzi kwa Wamiliki, Mafundi na Wapenzi wa Yoti za Kale

Kila msimu wa mashindano ya yoti za kale unapokaribia katika Bahari ya Mediterania, sisi wapimaji hupokea malalamiko ya aina mbili. Wapo wanaodai kwamba namba iliyo kwenye cheti cha vipimo hailingani na urefu wa chombo walichonunua. Wapo pia wamiliki wanaojiona wameonewa, kwa kuwa mlingoti mpya walioutengeneza kwa fedha nyingi umewapandishia kiwango, yaani namba inayokadiria kasi ya chombo ili vyombo tofauti vishindane kwa haki, badala ya kuwasaidia. Tunaamini kwamba wote wanauliza kwa nia njema, na majibu yao yote yamo katika historia ya jinsi vyombo hivi vilivyobuniwa.

Yoti ya daraja la Mita 12 haina urefu wa mita 12. Nyingi hufikia karibu mita 20 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na nyingine hupita hapo. Mita 12 ni jawabu la hesabu, na jambo hili limekuwa wazi kwa kila anayesoma kanuni tangu mwaka 1907. Kwa kanuni ya kimataifa kama ilivyorekebishwa mwaka 1933, mpimaji huchukua urefu wa chombo juu kidogo ya mstari wa maji, yaani milimita 180 juu yake kwa daraja hili, pamoja na marekebisho ya omo na tezi. Huongeza tofauti ya mzingo mara mbili, huongeza kipeuo cha pili cha eneo la matanga, hutoa kimo cha ubavu ulio juu ya maji, kisha hugawanya kwa 2.37. Jawabu lisizidi 12. Tofauti ya mzingo hupatikana kwa kulaza utepe juu ya ubavu ukifuata kila mbonyeo wake, halafu kukaza mnyororo kati ya nukta zilezile mbili: utepe ukizidi mnyororo kwa kiasi kikubwa, ubavu umebonyea sana kuelekea kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo), na mbunifu atalazimika kufidia kwa kupunguza tanga au urefu.

Umbo tunalolisifu leo kwa uzuri wake lilitokana na hesabu za namna hiyo. Mwaka 1855 klabu ya Royal Thames ya London ilianza kutumia kanuni ya tani ambayo haikupima kina kabisa, bali ilichukulia kuwa kina ni nusu ya upana. Upana ukawa unahesabiwa mara mbili na kina kikawa bure. Wabunifu wa Uingereza wakaupunguza upana mwaka hadi mwaka, wakachimbia chini mkuku mzito wa madini ya risasi, wakapata vyombo vyembamba kama ubao uliosimamishwa kwa ukingo. Oona, iliyobuniwa na William Evans Paton mwaka 1886, ilikuwa na urefu wa takriban mita 10 kwenye mstari wa maji na upana usiofika mita 1.7. Mwaka huohuo ilipotea katika pwani ya Ireland, na Paton mwenyewe akiwa ndani yake. Waingereza wakaiacha kanuni ya tani na kuanza kupima urefu wa mstari wa maji pamoja na matanga. Upana ukarudi, na mwaka 1893 George Lennox Watson akabuni Britannia, chombo kilichoshinda mashindano zaidi ya 200 kabla ya kuzamishwa kwa makusudi karibu na Kisiwa cha Wight mwaka 1936.

Kanuni hiyo nayo ilikuwa na mwanya wake. Mwendo wa chombo hutegemea sana urefu wake ndani ya maji, ilhali mpimaji hupima chombo kikiwa kimesimama wima, hakijalala kwa upepo. Mbunifu akirefusha omo na tezi zikaning’inia juu ya maji, chombo kikilala kwa upepo sehemu hizo huzama, na urefu unaofanya kazi huongezeka bila kuingia kwenye cheti. Nathanael Herreshoff wa Marekani alilisukuma jambo hili hadi mwisho wake kwa Reliance ya mwaka 1903, iliyokuwa na takriban mita 44 kwa jumla lakini chini ya mita 27.5 kwenye mstari wa maji, na ikabeba matanga ya karibu mita za mraba 1,500. Ililinda Kombe la Amerika, shindano mashuhuri la yoti, na miaka 10 baadaye ikavunjwa. Herreshoff huyohuyo ndiye aliyeandika kanuni ya Marekani iliyohesabu pia uzito wa chombo, ambayo baadaye ilizaa daraja la J, la yoti kubwa za mashindano, lililoshindania kombe hilo mwaka 1930, 1934 na 1937.

Ulaya ilifuata njia yake kupitia mkutano wa London wa mwaka 1906 uliozaa kanuni ya kimataifa, yaani kanuni ya mita, na hapa ipo hoja ambayo wengi huipita haraka. Vyombo vya kanuni ya mita vilitakiwa pia kufuata vipimo vya ujenzi vya Lloyd’s, shirika la Uingereza la kukagua ubora wa meli: unene wa mbao, nafasi kati ya mataruma (mbavu za chombo), idadi ya viungo. Hiyo ni sababu kubwa iliyotuwezesha kubaki na yoti za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza zinazosafiri hadi leo.

Yoti za safari ndefu zilitoka kwenye vyombo vya kazi. Jolie Brise, iliyoshinda mashindano ya kwanza ya Fastnet mwaka 1925, iliundwa Ufaransa mwaka 1913 kwa kazi ya marubani wa bandari. Dorade ya Olin Stephens, iliyoshushwa majini mwaka 1930, iliupindua mtazamo kwamba yoti ya safari ndefu lazima ifanane na chombo cha kazi: ilikuwa na mita 15.8 kwa upana wa mita 3.1 tu, na mwaka 1931 ikashinda kuvuka Atlantiki na pia Fastnet. Visanduku vyake vya sitahani, vinavyopitisha hewa huku maji yakidondokea nje, vimeigwa duniani kote.

Sasa kuhusu mlingoti. Kanuni ya CIM, kamati ya kimataifa ya yoti za kale ya Mediterania, hugawa vyombo vya mbao au chuma katika makundi mawili, vilivyoshushwa majini kabla ya mwisho wa 1949 na vile vya 1950 hadi 1975, na huangalia uhalisi wake. Nyenzo ambayo haikuwepo enzi ya chombo, kama nyuzi za kaboni, huongeza kiwango. Hiyo si adhabu ya chuki. Mlingoti mwepesi hukipa chombo faida ambayo mbunifu wake hakuihesabu. Mabadiliko ya mlingoti, farumi (uzito wa kukitulizia chombo), usukani au matanga hubatilisha cheti hadi kipimo kirudiwe, na anayeshindana kwa cheti kilichobatilika anaweza kuondolewa kwenye matokeo iwapo pingamizi litawasilishwa. Mmiliki awasilishe michoro ya asili na maelezo ya nyenzo kabla fundi hajaanza kukata mbao, kwa maana tukiletewa kazi iliyokwisha kumalizika hatuna la kufanya ila kuipima kama ilivyo.