Gitaa liko safi huku chini, ukipanda freti ya 12 linalia vingine

Juzi mpiga solo mmoja kaniletea gitaa lake, kopi ya Stratocaster ile ya umeme ya Fender, ananiambia fundi hili gitaa lina mashetani. Akipiga kodi za huku chini (sio za TRA) C, G, Am zote tamu, ila ikifika sebene akapanda freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingoni) kwenda juu, yule wa rizimu anaanza kumwangalia vibaya. Nikacheka maana hiyo kesi naijua. Kwenye sebene magitaa mawili yanafumana, sauti mbili mbili, tena mlio ni safi hamna distoshen ya kuficha uchafu, kwa hiyo kosa dogo tu linasikika mpaka kwa muuza soda mlangoni.

Hiyo ndo intonesheni, yaani gitaa kulia sawasawa kila freti. Freti ya 12 imewekwa nusu kabisa ya skeli, yaani urefu wa uzi unaolia, kwenye Stratocaster skeli ni milimita 648 kwa hiyo kutoka nati, kile kipande chenye mifereji kule kichwani mwa gitaa, mpaka freti hiyo ni 324. Kwa hesabu tupu ukibonyeza pale unapata oktavu, noti ileile ila ya juu. Sasa ukibonyeza uzi unauvuta chini, ukiuvuta unakaza, ukikaza sauti inapanda, na juu ya hapo uzi mnene ni mgumu hautaki kupinda vizuri kwenye ncha zake. Dawa ni kuurefusha kidogo kule kwenye briji, nyuzi zinakoishia kwenye mwili wa gitaa, na kwa kuwa kila uzi una unene wake basi kila mmoja unataka urefu wake. Ndo maana zile sadeli, vile vipande vya chuma ambavyo uzi unakalia, kwenye gitaa lililopangwa vizuri zimekaa kama ngazi. Ukikuta zote sita ziko mstari mmoja ujue aliyeunganisha hilo gitaa alikuwa na haraka. Telecaster za mwanzo zenyewe zilikuwa na sadeli 3, nyuzi mbili mbili, mpaka Stratocaster ilivyotoka 1954 ndo Fender wakaweka sita.

Kabla hujashika bisibisi weka nyuzi mpya. Nasema hivi kwa uchungu, nilipoanza kazi nilishapoteza mchana mzima nasogeza sadeli kwenye nyuzi zilizooza kwa jasho, nikimaliza wa sita, wa kwanza umeshabadilika, uzi uliochakaa hauna unene sawa kote kwa hiyo hausomi kweli hata ufanyeje. Weka mpya, zivute vute kwa mkono, tyuni, vuta tena mpaka zikae. Halafu nyoosha shingo na panga kimo cha nyuzi juu ya freti kwanza, maana ukigusa hivyo baadaye intonesheni unaanza upya.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Tyuni uzi wazi mpaka tyuna (kile kipima sauti) ikubali, gusa hamoniki, yaani kidole kinagusa uzi bila kuubonyeza, juu ya freti ya 12 uone inasoma ngapi, halafu bonyeza palepale usome tena. Ya kubonyeza ikiwa juu kuliko hamoniki maana yake uzi ni mfupi, rudisha sadeli nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, isogeze mbele. Kila ukisogeza tyuni upya ndo upime, usisome kabla hujatyuni utajidanganya. Na gitaa lishike kama unavyolipiga, usililaze mezani, na mimi kubonyeza namwachia mwenye gitaa kabisa, wengine wana vidole kama koleo na gitaa inabidi lipangwe kwa mkono wao sio wangu.

Kitu ambacho mafundi wengi hawasemi ni kwamba huna haja ya kubahatisha. Nusu sauti moja ina senti 100, na kwa skeli ya 648 kila milimita 1 ya sadeli inabadilisha tofauti pale freti ya 12 kwa senti kama 2.7. Uzi wa G wa huyu jamaa ulisoma senti 6 juu, nikarudisha milimita 2 na kidogo, tyuni, pima, imekaa. Huo G usio na msokoto, yaani usiozungushiwa waya, ndo mkorofi kuliko wote, sadeli yake inatakiwa iende nyuma kuliko ya D iliyo jirani yake, watu wakiona hivyo wanadhani nimekosea.

E ya chini ndo ilinisumbua, namba kwenye tyuna inacheza cheza haitulii. Kumbe pikapu, ile sumaku inayonasa sauti, ya karibu na shingo imepandishwa mpaka inakaribia kugusa nyuzi, sumaku inauvuta uzi, nikaishusha ikatulia kwenye senti 7 juu. Narudisha sadeli haiendi, springi imejibana yote! Hapo usilazimishe bisibisi utakula kichwa cha skrubu, legeza uzi, toa springi, kata mizunguko kadhaa kwa koleo, rudisha. Kama briji yako ni ile inayoelea kwa springi za nyuma, kila ukigusa uzi mmoja mingine inahama, kwa hiyo zunguka zote mara mbili tatu bila hasira.

Na kama kodi za freti ya kwanza na ya pili ndo zinasoma juu wakati 12 iko sawa, achana na sadeli, hapo mfereji wa nati uko juu sana na kuuchonga ni kazi nyingine na tupa nyingine.

Jamaa nimemwachia G iko senti 1 juu, nyingine sifuri. Kaniuliza mbona hiyo moja, nikamwambia bonyeza taratibu kidogo, kabonyeza taratibu, sifuri.