Orlok Hakutembea Mchana, na Mengine Kuhusu Murnau

Kila muhula nikiwaonyesha wanafunzi Nosferatu (1922), filamu bubu ya mwongozaji Murnau kuhusu Orlok, mnyonya damu, lazima mkono unyooshwe kutoka viti vya nyuma. "Mwalimu, si jua ndilo linalomuua? Mbona anatembea mchana kweupe?" Darasa linacheka, na hukumu inatolewa papo hapo: Murnau alichemsha.

Hakuchemsha. Nakala mliyozoea ndiyo mbovu.

Filamu za enzi zile hazikuweza kunasa gizani. Ukitaka usiku wa nje, ulipiga picha juani, kisha utepe ukatiwa rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa mchana na vyumba vyenye taa, waridi kwa alfajiri. Mtazamaji wa Berlin alipomwona Orlok amebana jeneza kwapani, akinyatia nyumba yake mpya (mji wenyewe ulipigwa picha Wismar na Lübeck), mbele yake palikuwa buluu tupu. Hakuhitaji kuambiwa ni usiku. Baadaye tepe zikanakiliwa nyeusi na nyeupe, buluu ikayeyuka, vivuli vya jua vikabaki, na lawama akatupiwa marehemu.

Kwa hiyo ukikuta Nosferatu isiyo na rangi kwenye intaneti, ifunge. Sitanii. Tafuta ile ya Wakfu wa Murnau wa Wiesbaden, iliyokarabatiwa kwa msaada wa nakala ya kale ya Kifaransa yenye rangi zake, ikiwa na muziki wa Hans Erdmann. Filamu bubu haikuwa kimya hata siku moja. Ukumbini palikuwa na wapigaji. Nakala nyingi za bure pia zinakimbizwa kuliko mwendo wake, watu wanatembea kama kuku waliomwagiwa maji, halafu mnaniambia waigizaji wa zamani walikuwa na papara.

Na hilo jua lenyewe mnadhani limetoka kwa Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, riwaya ambayo filamu hii iliigwa bila ruhusa. Fungueni kitabu chake cha 1897: Dracula anazurura London mchana, amepungukiwa nguvu tu, na anauawa kwa visu. Kufa kwa mwanga wa asubuhi kumetoka kwenye filamu hii hii mnayoicheka.

Eti Max Schreck, aliyemwigiza Orlok, alikuwa mnyonya damu wa kweli? Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, mzaliwa wa Berlin, na Schreck, yaani "hofu", ni jina lake halisi. Aliyejipa jina ni mwongozaji: alizaliwa Friedrich Wilhelm Plumpe, Bielefeld, 1888, akachukua jina la mji wa Murnau huko Bavaria.

Eti mjane wa Stoker alifanikiwa kuiteketeza Nosferatu? Alishinda kesi, mwaka 1925 ikaamriwa nakala zichomwe, lakini nyingine zilishavuka mipaka.

Eti laana ya Bora Bora, kisiwa cha Pasifiki alikopiga filamu yake Tabu, ndiyo iliyomuua Murnau? Ilikuwa ajali ya gari karibu na Santa Barbara, Machi 1931. Alikuwa na miaka 42, na Tabu ilizinduliwa wiki moja baadaye.

Eti alishinda Oscar? Filamu yake Sunrise ilipata ile ya utayarishaji wa kipekee na wa kisanaa katika tuzo za kwanza, 1929. Mwigizaji wake Janet Gaynor alipata yake, wapiga picha wawili wakapata yao. Murnau hata kuteuliwa hakuteuliwa, na swali hilo, la kwa nini, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza.