Nani hulipia treni ya Ruiru? Tunayoyasema ndani ya behewa na yanayosemwa na sheria

Treni ya jioni ya Ruiru ikiwa bado imesimama Stesheni Kuu ya Nairobi, kabla ya honi, behewa hugeuka bunge. Siku chache zilizopita mama mmoja aliyepakata karai la mboga alisema gavana atuongezee mabehewa mawili tu, hatuombi mengi. Kijana aliyeshikilia bomba la juu akamjibu, "Mama, hiyo si kazi ya gavana. Waulize Wachina, reli ni yao." Mzee wa dirishani akafunga kesi: "Na ile ya Mombasa korti ilishasema ni haramu. Sasa deni tunalipa la nini?"

Mama alikosea, kijana alipata nusu, mzee alikuwa nyuma ya habari kwa miaka kadhaa. Sikufungua mdomo, maana kubishana ndani ya treni iliyojaa ni kutafuta kukanyagwa. Nimeyaleta hapa.

"Gavana atuongezee mabehewa"

Hawezi, hata akitaka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, na reli zimetajwa kwa jina upande wa serikali ya kitaifa, pamoja na mabomba ya mafuta na usafiri wa ndege. Kaunti zilipewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito. City Hall, yaani serikali ya kaunti ya Nairobi, inaweza kuihamisha matatu yako kutoka steji moja hadi nyingine hata usiku wa kuamkia Jumatatu, lakini treni inayopita mita chache kutoka hapo haina la kuiambia.

Ukitazama nyuma utaona mkono ni uleule. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, wakati hata gavana wa kwanza wa Nairobi hajachaguliwa. Zile treni za dizeli kutoka Uhispania, seti 11, zilizozinduliwa Novemba 2020, zilinunuliwa na serikali ya kitaifa. Tena njia hii ya Ruiru haiishii Nairobi, inaingia Kiambu. Ungemlilia gavana yupi?

Mlango upo, ila haujafunguliwa. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu ngazi moja ya serikali kuikabidhi nyingine kazi yake kwa makubaliano, mradi pesa za kuifanya zifuate kazi hiyo. Pia tangu 2017 kuna mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji, NaMATA, inayounganisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Kwenye karatasi, hapo ndipo kaunti zingekaa na serikali kuu na kuulizana nani anatoa nini kwa treni ipi.

Marekani walilazimishana kwa sheria. Mwaka 2008 bunge lao lilipitisha kwamba karibu kila njia ya Amtrak, shirika lao la treni za abiria, isiyozidi maili 750, yaani kama kilomita 1,200, majimbo inakopita yachangie gharama kwa kanuni moja inayowabana wote. Malipo hayo yakaanza Oktoba 2013. Kilomita 1,200 ni ndefu kuliko Mombasa hadi Kisumu, kwa hivyo kwa kipimo hicho kila treni ya abiria tuliyo nayo ingekuwa na kaunti zinazoidai na zinazodaiwa. Mwenyeji wa Illinois akimpigia gavana wake kelele kuhusu treni ya jimbo, amebisha mlango unaostahili. Mama wa mboga bado hana mlango huo.

"Si tunalipa nauli? Nauli ndiyo inaendesha treni"

Nauli ni sehemu. Treni ya Mombasa ilipoanza kubeba abiria Juni 2017, kiti cha kawaida kilikuwa shilingi 700. Baadaye kikawa 1,000, na kuanzia Januari 2024 kikapanda hadi 1,500, huku daraja la kwanza likitoka 3,000 hadi 4,500. Sababu iliyotolewa ilikuwa bei ya mafuta. Bei hizo zinasaidia kuendesha treni, lakini deni la kujenga njia yenyewe lina mfuko mwingine.

Mfuko huo ni tozo ya maendeleo ya reli, na huyu ndiye mlipaji asiyeonekana ndani ya behewa. Ilianza 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini. Mwaka 2019 ikapandishwa hadi 2, mwaka 2023 ikarudishwa 1.5, na mwisho wa 2024 ikarudi tena 2. Hesabu yake ni rahisi. Friji iliyothaminiwa shilingi 30,000 bandarini inaacha 600 kwa reli kabla haijapakiwa hata kwenye lori. Kontena la mitumba la thamani ya milioni 2 linaacha 40,000, na muuzaji wa soko la Gikomba ataitafuta hiyo 40,000 kwenye bei ya mashati. Kwa hivyo yule jirani anayejigamba kwamba hajawahi kupanda treni maishani amekuwa akiilipia kila anaponunua kiatu.

Jambo la kisheria la kushika hapa ni kwamba Katiba, kifungu cha 206, inataka mapato yote ya serikali yaingie kwenye mfuko mkuu, isipokuwa Bunge litunge sheria ya kuyatenga kwa kazi maalumu. Tozo ya reli ilitengwa hivyo, ina mfuko wake. Ukisikia wabunge wanajadili Mswada wa Fedha na mtu akataja asilimia nusu ya tozo hii, usipeleke macho kwingine. Nusu hiyo ina mabehewa ndani yake.

Kuna wanaodhani ni sisi tu, kwamba kwa wenzetu treni hujilipa zenyewe. Umoja wa Ulaya una kanuni nzima, ya 2007, inayoeleza jinsi serikali inavyoandikiana mkataba na mwendeshaji wa treni au basi: huduma gani, mara ngapi, na fidia kiasi gani kwa safari ambazo nauli haiwezi kuzibeba. Wameandika kanuni kwa sababu nauli haitoshi.

"Ipewe mwekezaji binafsi, mambo yatanyooka"

Tulishampa. Mwaka 2005 Bunge lilirekebisha Sheria ya Shirika la Reli ili njia iweze kukodishwa, na tarehe 1 Novemba 2006 kampuni ya Rift Valley Railways ikashika usukani. Soma masharti yake polepole: mizigo miaka 25, abiria wa Kenya miaka 5. Mkataba wenyewe ulisema nani ni mtoto wa kambo. Mwekezaji aliahidi kulipa serikali asilimia 11.1 ya mapato ya mizigo, na hakuna mtu anayepigania asilimia ya mapato ya mama mwenye karai la mboga. Wenye hisa wakabadilika, kutoka kundi lililoongozwa na Waafrika Kusini hadi kampuni ya Misri, na mwaka 2017 mkataba ukavunjwa, kabla haujafika hata nusu.

Simaanishi kwamba mwekezaji ni mbaya kwa asili. Ninachosema ni kwamba mwekezaji hufanya kile mkataba unachomlipa kufanya. Kama karatasi haijataja treni ya saa kumi na moja na nusu jioni, na haijasema atakatwa kiasi gani asipoileta, basi treni hiyo ni hisani. Waingereza, waliokabidhi reli zao kwa kampuni binafsi kwa sheria ya 1993, wamegeuka: Novemba 2024 walipitisha sheria ya kurudisha huduma za abiria mikononi mwa umma, kampuni moja moja, mikataba inapokwisha.

"Reli ni ya Wachina"

Hapa kijana alichanganya kuendesha na kumiliki. Njia ya SGR, yaani ile reli mpya ya Mombasa, ni mali ya Shirika la Reli la Kenya. Mwaka 2017 kazi ya kuiendesha ilipewa kampuni ya Afristar, yenye asili ya Kichina, kwa malipo. Kuanzia 2021 Shirika likaanza kuchukua kazi hizo moja baada ya nyingine, ukataji tiketi ukiwa miongoni mwa za kwanza. Treni yetu ya Ruiru haimo kabisa katika hadithi hiyo: inapita kwenye tawi la reli ya zamani ya upana wa mita moja, ile iliyofika Nairobi 1899.

"Korti ilisema SGR ni haramu"

Ilisema, kisha ikasahihishwa. Mwanaharakati Okiya Omtatah na Chama cha Mawakili walikwenda mahakamani kwa sababu kandarasi ilitolewa bila zabuni ya ushindani. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao kwamba kifungu cha 227 cha Katiba na sheria ya ununuzi ya 2005 vilikiukwa. Watu wengi waliacha kusoma hapo, mzee wa dirishani akiwemo. Juni 2023 Mahakama ya Juu ikageuza: kwa kuwa mkandarasi alifungamanishwa na mkopo wa China chini ya makubaliano ya serikali kwa serikali, sheria hiyohiyo ya 2005 iliruhusu zabuni irukwe. Mimi ningependa zabuni, lakini hayo ni maoni yangu na uamuzi ndio huo. Na hata ile hukumu ya 2020 ilihusu namna kandarasi ilivyotolewa, haikuwa inafuta mkopo.

"Hiyo mikataba ni siri ya serikali, hutaiona"

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inatufanya tukae kimya. Kweli, mikataba ya mkopo ya 2014 ilikuwa na kipengele cha usiri. Wanaharakati wakashtaki huko Mombasa, na Mei 2022 Mahakama Kuu ikaamuru nyaraka za SGR zitolewe. Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaweka mikataba ya mkopo hadharani. Tukasoma wenyewe: sehemu moja ni mkopo wa masharti nafuu wa riba ya asilimia 2, nyingine ni ya kibiashara ambayo riba yake hupanda na kushuka na soko, na mgogoro ukizuka unaamuliwa Beijing kwa sheria za China.

Kwa mwananchi wa kawaida hakuna haja ya kwenda mahakamani kwanza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Unaweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na hulazimiki kueleza kwa nini unataka. Kama huwezi kuandika, ukimweleza afisa kwa mdomo ni kazi yake kukuandikia.

Tulipofika Githurai wachuuzi walikuwa washaondoa ndoo za nyanya kutoka katikati ya reli, wakasimama kando kusubiri mabehewa yapite, mikono kiunoni. Mama alishuka na karai lake. Barua yangu ya kuomba habari niliiandika usiku huo, mistari minne: mabehewa ya treni ya jioni ya Ruiru yanaamuliwa na nani, kwa bajeti ya mwaka gani, na kwa kipimo gani cha abiria. Leo ni siku ya tisa.