Hujalipwa, lakini siku za mkataba bado zinahesabika

Wiki iliyopita nimepigiwa tena simu ileile. Mkandarasi wa barabara, ana hati mbili za malipo hazijalipwa tangu masika, kazi imezorota, na sasa kaletewa barua kwamba ataanza kukatwa faini ya ucheleweshaji. "Watanikataje, na wao ndio hawajanilipa?" Nimeshaulizwa hivyo na watu wengi mno, na kila mmoja anaamini kwamba mteja akichelewesha hela, muda wa mkataba unajiongeza wenyewe. Haujiongezi.

Wengine wananiambia sheria mpya imelimaliza hilo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania, Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, imebadilisha mengi kwenye zabuni, na NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, kila mtu anaijua. Lakini ukitaka kusimamisha kazi kwa sababu hujalipwa, fungua mkataba wako. Uingereza wana sheria tangu 1996 inayompa mkandarasi ruhusa ya kusimama kwa taarifa ya siku 7, na siku alizosimama hazihesabiwi dhidi yake. Sisi ruhusa hiyo tunaitafuta kwenye masharti ya mkataba, na masharti yana utaratibu wake.

Nazungumzia FIDIC kitabu chekundu cha 1999, yaani masharti ya mikataba ya ujenzi yaliyoandikwa na shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, maana ndicho ninachokishika mara nyingi. Malipo yanatakiwa ndani ya siku 56 tangu mhandisi, yule anayesimamia mkataba kwa niaba ya mteja, alipopokea madai yako na viambatisho vyake. Alipopokea. Siyo aliposaini hati. Huyu ndugu alikuwa anahesabu kuanzia tarehe ya saini, akajipunja karibu mwezi mzima. Ndiyo maana nawasumbua vijana wa ofisini kwangu kuhusu mhuri wa kupokelewa kwenye nakala: bila mhuri ule hatuna siku ya kuanzia.

Siku 56 zikipita, yanatokea mambo mawili, na hapa ndipo watu wanapoyachanganya.

La kwanza ni riba. Kifungu 14.8 kinakupa riba bila kuandika taarifa rasmi wala kusubiri mhandisi akuidhinishie. Ni asilimia 3 juu ya kiwango cha benki kuu ya nchi ya sarafu unayolipwa, isipokuwa masharti maalumu yameandika vingine, na kila mwezi inajumlishwa kwenye deni, nayo inazaa riba. Wakandarasi wetu hawaidai kwa kuogopa kwamba hawatapewa kazi nyingine. Woga huo siubezi, nimeona sababu zake.

La pili ni muda, na muda haufanani na riba hata kidogo. Kifungu 16.1 kinakuruhusu kusimamisha kazi au kupunguza kasi, lakini baada ya kumpa mteja taarifa ya siku zisizopungua 21. Ukipunguza kasi bila taarifa, kwenye kumbukumbu wewe ni mkandarasi aliyezembea. Basi. Mteja atasema ulipaswa kuwa na mtaji wa kujiendesha, na mihtasari ya vikao vya saiti itamuunga mkono, kwa sababu mwezi baada ya mwezi imeandikwa "mkandarasi aongeze kasi" na wewe ukasaini. Halafu, baada ya taarifa ile, kuna nyingine ya kifungu 20.1: ndani ya siku 28 useme kwamba unadai nyongeza ya muda na gharama za mitambo iliyolala. Barua mbili tofauti. Moja haifanyi kazi ya mwenzake.

Nilimuuliza huyu ndugu anitumie alichonacho. Akanitumia picha ya greda lake WhatsApp: majani yamepanda hadi nusu ya tairi, na juu ya bledi mtu kaanika mihogo. Picha inaumiza, na ina tarehe. Barua hana hata moja. Anasema alimpigia mhandisi, wakaelewana.

Sasa niseme na lisilonipa uhakika. Toleo la 1999 linasema ukikosa siku 28 umepoteza dai lako lote. Lakini Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 28, inabatilisha makubaliano yanayobana muda wa mtu kudai haki yake kwa njia za kawaida za kisheria. Je, sharti la kutoa taarifa linaingia humo? Wanasheria ninaowaheshimu wanagawanyika: wapo wanaosema ndiyo, na wapo wanaosema taarifa ni sharti la haki kuzaliwa, haihusiani na muda wa kwenda mahakamani. Mimi naegemea hawa wa pili, lakini nikiwa upande wa mkandarasi nitaibeba hoja ya kwanza mbele ya msuluhishi bila kusita. Toleo la 2017 limelegeza kidogo: mhandisi asipokuambia ndani ya siku 14 kwamba umechelewa, taarifa yako inahesabiwa kuwa halali. Angalia kwanza unalo lipi.

Kwa huyu ndugu, riba ya hati mbili tumeshaikokotoa na imekwenda na mhuri. Gharama za greda la miezi iliyopita tutazidai, ila nimemwambia asizipangie matumizi. Hati ya tatu inafikisha siku 56 Alhamisi. Barua ya siku 21 iko tayari mezani, inasubiri tarehe tu.