Utusitusi wa umbali: kinachofifisha jengo la ng'ambo kwenye picha

"Mpwa, mbona nyumba yangu umeitia moshi?"

Mjomba alikuwa amejenga mlimani, juu ya Igogo jijini Mwanza, nyumba ya bati jekundu iliyobanwa na mawe mawili makubwa. Alitaka ipigwe picha kutoka ziwani, aitundike sebuleni. Nikapanda kivuko cha Kamanga, kinachovuka kwenda upande wa Sengerema, mwezi wa Agosti, saa 7 mchana, nikapiga picha kama 30. Kwa macho, bati lilikuwa linawaka. Kwenye picha lilikuwa pinki iliyofubaa, mawe yamegeuka kijivu chenye buluu, na madirisha hayana weusi wowote. Nilimjibu kwamba ni ukungu. Nilikosea.

Ukungu ni matone ya maji yaliyotanda chini, kama unavyouona ziwani baadhi ya alfajiri, na ukikolea hata mtumbwi wa jirani huuoni. Kilichoifubaza nyumba ya mjomba nitakiita utusitusi wa umbali, nacho kipo hata siku ambayo ungeapa kwamba anga ni safi. Jua linapiga hewa yote iliyopo kati yako na jengo. Mwanga unagonga chembe za hewa yenyewe, mvuke, moshi na vumbi, unatawanyika, na sehemu yake inaingia kwenye kamera yako bila kuwahi kulifikia jengo. Hapohapo, mwanga unaotoka kwenye jengo nao unapungua njiani. Hewa ya katikati ikiwa nyingi au chafu, wa njiani unaushinda wa jengo.

Tazama dirisha la mjomba. Ndani ni chumba chenye giza, na ukisimama uani utaliona jeusi tii, na nondo zake zimechorwa wazi. Kutoka majini, kama kilomita 2 hivi, dirisha hilohilo ni kijivu. Ule ung'avu haukutoka nyumbani kwa mjomba, umeokotwa juu ya ziwa. Ndiyo maana weusi huharibika kwanza, na ukuta mweupe hauonyeshi sana. Mimi nikitaka kujua picha ina utusitusi kiasi gani, siangalii anga. Natafuta kitu ninachojua ni cheusi, nione kimebaki na weusi gani.

Buluu nayo ina sababu yake. Molekuli za hewa hutawanya mawimbi mafupi ya mwanga zaidi kuliko marefu, jambo ambalo mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alilieleza mwaka 1871. Buluu ya nanomita 450 hutawanywa zaidi ya mara 4 ya nyekundu ya nanomita 650. Kwa hiyo mwanga wa njiani huegemea buluu, na bati jekundu hupakwa rangi ambayo si yake. Moshi na vumbi, ambavyo chembe zake ni kubwa zaidi, hutawanya rangi zote karibu sawa, ndipo buluu inapogeuka weupe mchafu. Wachoraji walilijua jambo hili mapema. Leonardo da Vinci, aliyefariki 1519, aliandika kwamba majengo yaliyo mbali zaidi yachorwe yakiwa ya buluu zaidi na kingo zisizo kali, ili mtazamaji aone umbali. Kwake ilikuwa mbinu, kwetu ni lawama za wajomba.

Mbona macho hayakuniambia? Kwa sababu ubongo unajua bati ni jekundu, nao unasahihisha kimyakimya. Isitoshe, ukiikazia macho nyumba, mengine yote unayasahau. Kamera haina nyumba inayoipenda. Simu ya kawaida yenye picha ya vidoti (pikseli) 4,000 kwa upana, bila kuvuta, hubeba zaidi ya kilomita 2 na nusu za mlima kwa umbali ule. Nyumba ya mita 15 inapata vidoti 22 hivi. Kuvuta kwa vidole hakuongezi hata kimoja, kunakuza vilevile 22 tu. Lenzi ya milimita 200 kwenye kamera kubwa ingeipa nyumba hiyo vidoti kama 250, na hapo nondo zina matumaini. Lakini lenzi ndefu inavuta nyumba pamoja na hewa yote iliyo mbele yake, basi mtu aliyetumia pesa nyingi kununua lenzi hushangaa kuona picha kubwa iliyofubaa vilevile. Dawa ya kwanza ya utusitusi ni kupunguza hewa, yaani kusogea. Ukiweza kukodi mtumbwi ukafika nusu ya umbali, umefanya zaidi ya lenzi.

Ya pili ni jua. Kosa langu lilikuwa hapa, na naliona kwa wengi wanaopiga picha Mwanza. Kivuko kinaelekea magharibi, kwa hiyo ukiwa majini ukitazama mjini unatazama mashariki. Asubuhi jua liko nyuma ya mlima, linakujia usoni, na kila chembe ya vumbi inawaka kama pazia. Jioni liko mgongoni kwako, linapiga kuta na mawe moja kwa moja, na hewa ileile inaonekana nyepesi. Ukiwa Kapripoint, rasi ya mji iliyoingia ziwani, ukitazama ng'ambo upande wa Sengerema, geuza: nenda asubuhi. Saa 7 mchana niliyochagua mimi haifai kwa yeyote, jua liko utosini, kuta hazina vivuli. Na usizembee, maana huku karibu na ikweta jua linashuka wima. Kwetu huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache, kutegemea mwezi, na ule mwanga wa dhahabu haukusubiri umalize chai.

Ya tatu ni msimu. Kiangazi kina vumbi, na moshi wa majani yanayochomwa mashambani. Mvua ikinyesha mchana ikakatika saa 10, hewa imeoshwa. Saa mbili zinazofuata nazithamini kuliko kifaa chochote nilichonunua. Kuna kitu kingine cha ziwani ambacho mgeni hukidhania moshi: wadudu wadogo wa majini wanaopaa kwa mabilioni, nguzo nyeusi juu ya maji, hasa mwezi unapoandama. Hao hawasahihishiki. Subiri wapite, au wapige wao.

Kichujio cha polaraizi, kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, husaidia kiasi, na hufanya kazi vizuri zaidi jua likiwa ubavuni. Kwenye moshi mzito usikitegemee.

Mbele ya jengo weka kitu cha karibu chenye weusi wa kweli: ncha ya mtumbwi, jiwe, mtu aliyeegemea ukingo wa kivuko. Jicho likipata weusi huo, nyumba iliyofifia kidogo inasomeka kuwa mbali, wala haionekani kuwa chafu. Mawe ya Mwanza yamerahisisha kazi hii, kila pembe lipo moja linalongoja.

Kwenye kompyuta, Lightroom, programu ya kuhariri picha, ina kitelezi cha kuondoa utusitusi. Kinachofanya hasa ni kushusha weusi na kukoleza rangi pale kinapokisia kuna mwanga wa njiani. Kinafaa ukipiga faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata. Ukikisukuma kupita kiasi, paa linapata mstari mweupe pembeni, anga inakuwa na mabaka, na chengachenga zinajitokeza. Nilipokisukuma mpaka mwisho kwenye picha ile ya Agosti, bati lilirudi jekundu kweli, ila na mlima mzima nyuma yake ukawa mweusi kama umeungua. Nikakirudisha kitelezi hadi robo tu, mjomba akaikataa picha.

Nilirudi Novemba, baada ya mvua, kivuko cha jioni. Madirisha yalikuwa meusi, na jiwe la kushoto lilikuwa bado limelowa. Sikuuondoa utusitusi wote. Mlima ulio nyuma ya nyumba niliuacha na buluu yake, kwa sababu bila hiyo bati lilionekana kama limebandikwa juu yake kwa gundi. Mjomba aliitazama muda mrefu, akauliza mbona tenki la maji halionekani.