Hafod si nyumba ya likizo

Idd iliyopita nilikwenda Liverpool kwa jamaa zangu. Baada ya pilau, Ami mmoja akaanza kutusimulia wiki aliyokaa na familia yake kwenye rasi ya Llŷn, kaskazini-magharibi mwa Welisi. Nyumba nzuri, alisema, bahari unaiona ukiwa jikoni, na mlangoni kuna kibao cha jiwe kilichoandikwa Hafod. Ndani walikuta daftari la wageni lililoeleza kwamba hafod kwa Kiwelisi ni "nyumba ya kiangazi". Ami akamaliza hivi: "Sasa hawa Wawelisi wanalalamikia nini? Nyumba za likizo wanazo toka enzi za mababu zao. Jina lenyewe si hilo?" Waliokuwepo wakaitikia.

Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi mno, kwa Waingereza na kwa Waswahili wenzangu, na siku ile sikutaka kumkatiza mtu mzima mbele ya wageni. Naishi Gwynedd, kaunti ambamo rasi ya Llŷn imo, mwaka wa sita huu, najifunza Kiwelisi kila Jumanne jioni, na neno hili limenikaa rohoni.

Maana kwanza. Hafod (tamka "havod", maana f moja ya Kiwelisi ni v yetu) ni makao ya mlimani ambako familia ya wafugaji ilihamia na ng'ombe wake kiangazi. Tŷ haf ni nyumba ya mtu anayeishi kwingine, anayoijia wakati wa mapumziko. Kwa lugha ya ofisini huitwa ail gartref, yaani makazi ya pili. Llety gwyliau ni nyumba inayokodishwa kwa wageni kwa siku au kwa wiki, kibiashara. Vitu vitatu, na watu wanavitia kapu moja.

Hafod imeungwa kwa maneno mawili. Haf ni kiangazi, na utalikuta hata kwenye majina ya miezi: Mehefin, yaani Juni, ni katikati ya kiangazi, na Gorffennaf, yaani Julai, ni mwisho wake. Bod ni makao, na ni neno lile lile la kitenzi "kuwa". Kwa hiyo hafod ni pale mtu anapokuwapo kiangazi. Daftari la Ami halikukosea sana hadi hapo.

Lilichoacha ni kwamba hafod ina pacha. Pacha huyo ni hendre: hen, kongwe, na tref, ambayo leo ni mji lakini zamani ilikuwa boma la familia. Hendre ndiyo nyumba ya bondeni, nyumba ya baridi, yenye ghala na mashamba ya nafaka. Kwa desturi ya zamani, ifikapo Calan Mai, tarehe 1 Mei, ng'ombe wanapandishwa mlimani na sehemu ya familia inapanda nao. Chini majani yanaachwa yakue, yakatwe, yakaushwe, yawe chakula cha mifugo wakati wa baridi. Juu kazi ni kukamua, kusukasuka maziwa, kutengeneza siagi na jibini. Ikifika Calan Gaeaf, tarehe 1 Novemba, wote wanateremka. Hafod bila hendre haina maana, kama vile huwezi kusema mtu amerudi kama hakuondoka.

Msafiri mmoja wa karne ya 18 aliyepita milima ya Eryri aliziona hafod zikiwa bado na watu. Alikuta chumba kimoja kirefu, cha chini, chenye tundu upande mmoja la kutolea moshi. Viti vilikuwa mawe. Vitanda vilikuwa majani makavu yaliyotandazwa kandokando ya ukuta. Wenyeji walikuwa kazini, na baba wa familia hakuwa amekuja kutazama machweo.

Wavuvi wetu wa pwani wangelielewa neno hili bila kufasiriwa. Mtu anakwenda dago: anafuata samaki, anapiga kambi kwenye kisiwa au ufuo wa mbali, anakausha, anauza, msimu ukiisha anarudi kwao. Sijapata kumsikia mtu akisema mvuvi wa dago ana nyumba mbili. Ana kwao, na ana dago. Hafod ni dago la wafugaji.

Desturi hiyo ilififia kuanzia mwishoni mwa karne ya 18. Kondoo walichukua nafasi ya ng'ombe, milima ikazungushiwa kuta, na hafod nyingi zikageuka mashamba ya kudumu yenye watu mwaka mzima. Nyingine zimebaki misingi ya mawe kando ya vijito. Ukitembea mlimani unaweza kuikanyaga usijue. Jina lakini halikufa. Lipo kwenye mamia ya mashamba, na hata jengo la wageni lililofunguliwa 2009 kwenye kilele cha Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote Welisi, linaitwa Hafod Eryri.

Sasa angalia jambo moja, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Msichana aliyekamua ng'ombe hafod mwezi Julai ndiye aliyekaa karibu na moto wa hendre mwezi Januari. Lugha ilipanda naye na ikateremka naye. Bonde halikupoteza mtu hata mmoja kwa sababu ya hafod, wala hapakuwa na kijana wa bondeni aliyekosa pa kuishi kwa kuwa jirani yake ana kibanda mlimani.

Tŷ haf ni habari nyingine, ingawa tŷ ni nyumba na haf ni kiangazi kile kile. Ukiyafasiri neno kwa neno, hafod na tŷ haf vyote vinatoka "nyumba ya kiangazi", na hapo ndipo watu wanapoteleza. Hali iliyofanya neno tŷ haf liwe na uzito ni ya juzi juzi. Maeneo haya yaliishi kwa machimbo ya mawe ya kuezekea. Dinorwig, moja ya machimbo makubwa kabisa, ilifungwa 1969. Dorothea, kwenye bonde la Nantlle, ikafuata 1970. Kazi zikaondoka, vijana wakazifuata, nyumba za wachimbaji zikabaki na bei ya chini. Wakati huo huo barabara na magari viliifanya Llŷn iwe safari ya saa chache kutoka Manchester au Liverpool. Wanunuzi wakaja, na wenyeji wakaanza kulitamka tŷ haf kwa namna ya mtu anayetaja kidonda. Kuanzia Desemba 1979 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba zaidi ya 200 za aina hiyo zilichomwa moto, nyingi kwa jina la kundi la siri la wazalendo wa Kiwelisi, Meibion Glyndŵr. Siungi mkono kuchoma nyumba ya mtu, na majirani zangu wengi hawaungi mkono. Lakini ukimwambia mzee wa hapa kwamba tŷ haf na hafod ni kitu kimoja, ujue neno la kwanza linamkumbusha nini.

Wanaokubali tofauti hiyo nao mara nyingi wanachanganya tŷ haf na llety gwyliau, na kosa hili nalo lina gharama. Utasikia watu wakisema "tatizo ni nyumba tupu". Tŷ haf ndiyo, aghalabu ni tupu: madirisha yamefungwa Oktoba hadi Pasaka. Llety gwyliau si tupu. Kwenye mtaa wangu, nyumba kumi na moja zilizoshikana za wachimbaji wa zamani, nne zina kisanduku kidogo cheusi ukutani chenye vitufe vya namba, na ufunguo umo ndani. Jumamosi saa nne asubuhi wageni wanatoka, gari la usafi linasimama, mabunda ya mashuka yanapangwa kwenye njia ya miguu, na saa kumi jioni wageni wengine wanabonyeza namba zile zile. Taa zinawaka karibu mwaka mzima. Watoto wanacheka uani. Ila Jumatatu asubuhi hakuna hata mmoja wao anayepanda basi la shule.

Kwa hiyo kuuliza kama nyumba ina watu hakutoshi. Uliza kama ina mkaazi. Kiwelisi hakiishi kwenye majengo. Kinaishi dukani, kanisani, kwenye kwaya, uwanja wa mpira, foleni ya zahanati, na kila pahala hapo kinahitaji watu wale wale wakutane wiki hadi wiki. Mgeni wa siku saba, hata awe mwema kiasi gani, hawezi kuziba pengo la familia iliyohamia Caerdydd (Cardiff, mji mkuu) kwa kukosa nyumba. Na nyumba wanazikosa kwa hesabu rahisi: nyumba inayolipwa kwa usiku inanunuliwa kwa bei inayotokana na usiku, na mshahara wa muuguzi au fundi bomba unakuja kwa mwezi.

Shule ya msingi ya Abersoch, kijiji cha pwani ya Llŷn kinachojulikana sana kwa nyumba za likizo, ilifungwa mwisho wa Desemba 2021. Watoto walikuwa wamebaki wachache, wa kuhesabika kwa vidole. Gwynedd bado ndiyo ngome ya lugha: kwa sensa ya 2021 asilimia 64.4 ya watu wa miaka mitatu na zaidi wanakizungumza, wakati Welisi nzima ni 17.8. Lakini sensa ya 2011 Gwynedd ilikuwa 65.4. Serikali ya Welisi inataka wasemaji milioni moja ifikapo 2050. Darasa letu la Jumanne linasaidia idadi hiyo, na nafurahi kuwamo, ila sisi kumi na wawili hatuwezi kuwa kijiji.

Sheria, kwa bahati nzuri, imeanza kutofautisha maneno haya vizuri kuliko watu wanavyoyatofautisha. Tangu Oktoba 2022, kanuni za mipango ya ardhi Welisi zinatambua makundi matatu: makazi makuu ya mtu, makazi yasiyo makuu, na nyumba ya kukodisha kwa muda mfupi. Hapo ndipo Gwynedd ilipopata mlango wa kudai kibali kabla nyumba haijahamishwa kutoka kundi la kwanza. Utaratibu huo ulianza Septemba 2024, na baadhi ya wenye nyumba wakaupinga mahakamani. Kwa upande wa kodi, halmashauri ziliruhusiwa kuanzia 2017 kumtoza mwenye makazi ya pili nyongeza ya hadi asilimia 100. Aprili 2023 kikomo kikapanda hadi 300, na Gwynedd ikachagua 150.

Hapo ndipo tofauti ya tŷ haf na llety gwyliau inapogeuka fedha. Nyumba ikihesabiwa kuwa biashara inatoka kwenye kodi ya makazi na kuingia kodi ya biashara, na kwa biashara ndogo msamaha unaweza kuifikisha sifuri. Zamani ilitosha nyumba ikodishwe kweli siku 70 kwa mwaka. Mwenye tŷ haf aliwapangisha wageni miezi ya joto, akajiita mfanyabiashara, na kodi ya kijiji ikampita pembeni. Tangu Aprili 2023 zinatakiwa siku 182, na nyumba iwe wazi kukodishwa siku 252. Wakulima wenyeji waliogeuza zizi la zamani kuwa chumba cha wageni ili shamba lisife wamelalamika kwamba siku hizo ni nyingi, na nadhani wana haki. Zizi halikuwa makazi ya mtu. Kijiji hakijapunguziwa nyumba. Kuwaweka kapu moja na aliyenunua nyumba ya wachimbaji na kutundika kisanduku ukutani ni kosa lile lile la kutotenganisha vitu.

Narudi kwako Ami, kwa heshima zote. Hukukosea kwenda Llŷn, na wenyeji hawakuchukii kwa kwenda. Wengi wao wanakula kwa kazi inayotokana na wageni. Ulipolala ni llety gwyliau. Ukiitaja hivyo dukani watakuelewa mara moja. Hafod lilikuwa jina la nyumba tu, na pengine ni jina la kweli la tangu zamani, lililokuwepo kabla ya kibao. Ukirudi mwakani, inshallah, muulize mwenye nyumba hendre ya hafod hiyo ni ipi. Kwenye ramani majina hayo mara nyingi yako mawili mawili, moja juu na moja bondeni, na huenda akakuonyesha kwa kidole.